Mwenye Mbio na Somo la Kutulia

Jioni kwenye viwanja vya vumbi vya Ruaha, wilayani Kilosa, jirani na mashamba ya miwa yanayoelekea Kidatu, kelele za watazamaji zina maneno mawili makubwa. La kwanza ni "Mbele!" La pili ni "Tuliza!" Msimu wa mavuno, miwa inapochomwa kabla ya kukatwa, majivu meusi huelea hewani na kutua mabegani mwa wachezaji, na mechi inaendelea vilevile. Mtoto mwenye kasi akipata mpira, uwanja mzima unamwambia "Mbele!" Mwenzake wa katikati, mzito kidogo wa miguu, akipata mpira uleule anaambiwa "Tuliza!" Hakuna aliyeitisha kikao kuamua hivyo. Lakini kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi, hukumu imeshatoka: huyu ana miguu, yule ana macho. Huyu ni winga, yule ni fundi.

Hukumu hiyo inagusa swali ambalo wanadini na wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi. Je, mtu ni kile alichozaliwa nacho? Aliyejaliwa mbio anaweza kufundishwa kutulia? Na akishafundishwa, amebaki yeye yule au amepotezwa?

Wahenga wenyewe wametuachia majibu yanayovutana. Samaki mkunje angali mbichi, walisema, na maana yake ni kwamba akishakauka hakunjiki tena. Asili haipotei, walisema pia. Lakini haohao wakasema mwenda pole hajikwai, na subira yavuta heri, kana kwamba upole na subira ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvichagua na kujifunza hata akiwa mtu mzima. Haiwezekani yote hayo yawe kweli kwa kipimo kilekile.

Kuna mchezo mmoja unaolianika swali hili kuliko mingine yote. Hauchezwi Kilosa wala Mikumi. Ni mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya kuvalishwa, na ndani yake kuna mtu mmoja anayeitwa kwotabeki. Kila shambulizi huanzia mikononi mwake. Akishapokea mpira, wenzake watano wenye miili mikubwa humzunguka kwa mbele kama boma la zizi, na Wamarekani huita nafasi hiyo mfuko. Nje ya zizi, watu wenye uzito wa zaidi ya kilo 120 wanakuja kumwangusha. Ana takribani sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika. Ndani ya muda huo lazima asimame, ainue kichwa, ampime mpokeaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha arushe mpira mahali ambapo mwenzake bado hajafika.

Kusimama humo kunataka moyo. Macho yanaangalia mbali huku masikio yakisikia boma likivunjika. Kwa kwotabeki mzito hakuna njia nyingine, hivyo anajifunza. Kwa aliyezaliwa na mbio, mlango wa kutorokea uko wazi kila mara. Boma likitikisika kidogo tu, miguu inaondoka kabla akili haijasema neno. Na mara nyingi inafanikiwa! Hapo ndipo ugumu ulipo. Kipaji kinachofanikiwa mara kwa mara hakimpi mwenyewe sababu ya kujifunza kingine.

Msafiri anayepita barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, inayokata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi katikati, anaweza kuliona jambo hili bila kushuka kwenye basi. Kundi la swala limeinamisha vichwa kwenye nyasi. Mmoja anainua shingo, masikio yanageuka, misuli ya paja inatetemeka chini ya ngozi, na kufumba na kufumbua kundi zima limeruka. Mbio hizo zimewaokoa swala na simba kwa vizazi visivyohesabika. Lakini kwenye lami hiyohiyo kuna matuta na mabango ya kupunguza mwendo, kwa sababu wanyama wa Mikumi wanagongwa na magari. Jibu lililo sahihi mbele ya simba si sahihi mbele ya lori, na swala hana jibu lingine. Hawezi kusimama akapima. Kasi yake si yake. Yeye ndiye wa kasi.

Kwotabeki Steve Young alianza maisha yake ya mpira akiwa karibu na hali hiyo. Alizaliwa mwaka 1961 Salt Lake City, Marekani, katika familia ya Wamormoni, akiwa mmoja wa wazao wa Brigham Young, kiongozi wa pili wa kanisa hilo. Anatumia mkono wa kushoto, na alikuwa na mbio za ajabu. Katika timu ya Tampa Bay, misimu ya 1985 na 1986, alianza michezo 19 na kushinda 3 tu. Mwaka 1987 akahamia San Francisco 49ers, akawekwa benchi nyuma ya Joe Montana, kwotabeki aliyesifika kwa utulivu. Young akakaa misimu minne akiwa mtu wa akiba.

Tarehe 30 Oktoba 1988, Montana akiwa ameumia, Young alipewa mchezo dhidi ya Minnesota. Dakika za mwisho zizi likavunjika, akatoroka. Akampiga chenga wa kwanza, wa pili, akageuka, akarudi katikati, akakata kwenda pembeni, watu wakimshika na kumwachia. Alipokaribia mwisho wa uwanja miguu ilikuwa imekwisha kabisa. Akayumba kama mlevi, akaangukia ndani ya mstari baada ya kukimbia yadi 49, na timu yake ikashinda 24 kwa 21. Wamarekani wanaionyesha picha hiyo mpaka leo. Kwa mtu yeyote wa kawaida, ule ungekuwa ushahidi wa kutosha kwamba hana haja ya kubadilika.

Lakini 49ers walikuwa na mfumo uliojengwa na kocha Bill Walsh, na mfumo huo ulianzia mahali ambapo mtu hakutarajia: miguuni. Kwotabeki akishapokea mpira hurudi nyuma hatua tatu, tano au saba, na kila hatua imefungwa kwa mpokeaji wake. Hatua ya mwisho ikigusa ardhi, mpokeaji wa kwanza anapaswa kuwa anageuka. Hayuko huru? Kidundo kidogo cha mguu, na macho yanahamia kwa wa pili. Kidundo kingine, wa tatu. Miguu ndiyo saa, na macho yanafuata saa. Kwa hiyo Young hakuambiwa aisahau miguu yake. Aliambiwa aifundishe kuhesabu. Kazi ya kuokoa ikawa kazi ya pili. Ya kwanza ikawa kumwambia mwenyewe ni wakati gani aangalie wapi.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Alipochukua nafasi mwaka 1991, Montana akiuguza kiwiko, alikuwa anatimiza miaka 30. Samaki alikuwa amekauka kwa kipimo chochote cha michezo. Hata hivyo akatajwa mchezaji bora wa ligi kuu ya mchezo huo, NFL, mwaka 1992 na tena mwaka 1994, na mara sita akaongoza ligi nzima kwa ubora wa pasi. Tarehe 29 Januari 1995, katika fainali ya Super Bowl mjini Miami, aliwafunga San Diego kwa kupiga pasi sita za kufikisha mpira mwisho wa uwanja, rekodi ya fainali hiyo. Na katika mchezo huohuo, hakuna mtu wa timu yoyote aliyekimbia yadi nyingi kuliko yeye. Alikimbia 49, idadi ileile ya siku ya Minnesota. Mbio hazikuwa zimekwenda popote.

Mtu wa Ruaha hana haja ya kwenda Miami kulielewa hilo. Mto ulioipa Ruaha jina unalieleza. Ruaha Mkuu unatelemka kwa nguvu kutoka nyanda za juu, na pale Kidatu ulizuiliwa na bwawa, ukaanza kuzalisha umeme mwaka 1975. Mitambo yake minne ina uwezo wa megawati 204. Baadaye, juu zaidi, likajengwa bwawa la Mtera, lengo la kwanza likiwa kuyahifadhi maji ya masika ili Kidatu isikose maji wakati wa kiangazi. Maji yaliyotulia bwawani yanaonekana yamepoteza nguvu. Ukweli ni kwamba nguvu imepata saa. Mto uliokimbia ovyo ulikuwa ukizimaliza mbio zake siku ya mvua. Uliotulizwa unazitoa siku zinapohitajika, kisha unaendelea na safari yake kwenda Rufiji na Bahari ya Hindi kama ulivyoumbwa.

Karne tisa zilizopita, Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alibishana na watu waliodai kuwa tabia haibadiliki. Katika Ihya Ulum al-Din, sehemu ya kuirudi nafsi, anajibu kwamba kama tabia isingebadilika, basi mawaidha yote na malezi yote yangekuwa kazi bure. Hata mnyama, anasema, hubadilika: mwewe wa porini hufugwa, farasi mkaidi hutii. Kisha anatoa mfano wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende, wala si mtofaa. Ikitunzwa inaweza kuwa mtende. Haiwezi kuwa mtofaa hata ikitunzwa vipi.

Mfano huo unayapatanisha maneno ya wahenga. Asili haipotei, kweli: Young hakuwa Montana, na mtende hauzai matofaa. Lakini asili si mwisho wa habari. Ni kokwa. Aristotle wa Ugiriki alikuwa amefika karibu na hapo kabla yake aliposema kwamba jiwe, hata likirushwa juu mara elfu kumi, halizoei kupanda. Binadamu si jiwe. Ameumbwa awe na nafasi ya kupokea mazoea, na mazoea ndiyo yanayomkamilisha.

Dini zinazofuatwa Kilosa zimeliweka somo hili ndani ya ibada yenyewe. Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, anafundishwa tangu chuoni kwamba tumaanina, yaani kutulia katika rukuu na katika sijda, ni nguzo ya swala. Anayeinama na kuinuka kama kuku anayedonoa hajaswali, ajapotimiza idadi ya rakaa. Mwendo haukukatazwa, swala yote ni mwendo. Kinachotakiwa ni kwamba ndani ya kila tendo pawe na kituo, viungo vitue, moyo ufike.

Kwa Wakristo yupo nabii Eliya. Kitabu cha kwanza cha Wafalme kinamsimulia kama mtu wa mbio: alikimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli, na muda mfupi baadaye akakimbia tena, safari hii kuokoa maisha yake, hadi nyikani na kisha mlima Horebu. Ukaja upepo, likaja tetemeko, ukaja moto, na Mungu hakuwamo. Sauti ilikuja baada ya hayo, ya chini na ya taratibu, naye alipoisikia akajifunika uso, akatoka, akasimama mlangoni pa pango. Msomaji aangalie kilichofuata. Eliya hakuambiwa abaki pangoni. Alirudishwa njiani na kazi mahususi: amtie nani mafuta, amwachie nani nafasi yake. Alifika akikimbia kwa sababu ya hofu. Akaondoka akienda kwa sababu ya wito.

Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kuwa na kipaji na kuwa mtumwa wa kipaji. Anayekimbia kwa kuwa hawezi kufanya lingine, hata akishinda, hakuchagua. Anayeweza kusimama na bado akaamua kukimbia, huyo ndiye aliye huru. Utulivu haumwongezei mtu kiungo kipya; unamrudishia mamlaka juu ya viungo alivyonavyo.

Basi kama ni hivyo, kwa nini wenye mbio wengi hawakufundishwa? Jibu moja linauma. Kwa miaka mingi Marekani, kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki alihamishwa nafasi nyingine alipofika ngazi ya juu, kwa dhana kwamba ana miguu ila hana kichwa cha kusoma mchezo. Warren Moon hakuchaguliwa na timu yoyote ya NFL mwaka 1978, ilhali alikuwa mpigaji pasi hodari. Akaenda Kanada, akashinda kombe la huko miaka mitano mfululizo na Edmonton, ndipo NFL ikamwita. Mwaka 2006 akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kuingizwa katika ukumbi wa heshima wa mchezo huo.

Miaka 40 baada ya Moon kukataliwa, Lamar Jackson wa Florida alikutana na wimbo uleule. Kabla ya uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL wa mwaka 2018 mkongwe mmoja maarufu wa utawala wa timu alisema hadharani kwamba kijana huyo ahamie nafasi ya mpokeaji. Jackson akakataa kufanya majaribio ya wapokeaji, na akakataa hata kukimbia mbio za yadi 40 za kupimwa kasi. Mtu mwenye mbio kuliko makwotabeki wote wa kizazi chake alijitetea kwa kutokimbia! Alichaguliwa wa 32. Mwaka 2019, akiwa na Baltimore Ravens, alikimbia yadi 1,206, rekodi ya kwotabeki kwa msimu mmoja, akachaguliwa mchezaji bora kwa kura zote. Na bado wakasema ni miguu tu. Akaendelea kujifunza kusimama zizini. Msimu wa 2024 alipiga pasi 41 za kufikisha mpira mwisho wa uwanja, akanyang'anywa pasi 4 tu, akapata yadi 4,172 kwa pasi na 915 kwa miguu. Hakuna aliyewahi kuunganisha zaidi ya yadi 4,000 za mkono na 900 za miguu kwa msimu mmoja kabla yake.

Watanzania tunalijua jicho hilo linaloona miguu peke yake. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Karatu alishika uongozi wa mita 1,500 tangu mwanzo, hakuuachia, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Ilikuwa rahisi kusema Mwafrika amekimbia kama alivyozaliwa. Lakini kuongoza tangu mwanzo ulikuwa mkakati: kuwachosha mapema wale waliotegemea kufyatuka mita za mwisho. John Walker aliyemfuata naye aliivunja rekodi ya zamani, na bado hakumpata. Kilichoitwa asili kilikuwa fikra iliyovaa viatu vya mbio.

Upo upinzani wa haki wa kujibiwa. Wako wanaosema kumfundisha mwenye mbio kusimama ni kumuua, na wana ushahidi. Kwotabeki Robert Griffin aliingia timu ya Washington mwaka 2012 akakimbia yadi 815 na kuwa chipukizi bora wa ushambuliaji. Januari 2013 akaumia goti katika mchezo wa mtoano. Baadaye akatakiwa awe mtu wa zizini, haraka, goti likiwa bado na kumbukumbu, na hakurudi tena kuwa yule wa mwanzo.

Lakini mto Ruaha una jibu kwa hili pia. Huko juu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto huu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, sababu kubwa ikiwa maji yanayochotwa kwa kilimo cha umwagiliaji katika bonde la Usangu. Viboko hubaki wamebanana kwenye vidimbwi vya matope. Ule si utulivu. Kutuliza maji na kuyakausha ni mambo mawili, hata kama kwa mbali yote yanaonekana kama mto uliosimama. Mwalimu anayemwambia kijana "acha kukimbia" anakausha. Anayemwambia "angalia kwanza, kisha uamue" anatuliza. Young alipewa miaka minne. Mtoto wa Kilosa mara nyingi hapewi dakika nne.

Kwa hiyo haya yanaelekezwa kwa walimu wa michezo wa Ruaha, Mikumi, Kilosa na kwingineko, wanaoandaa watoto kwa mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na kwa kaka na wajomba wanaosimamia timu za mitaa bila malipo. Mchukueni yule mwenye mbio kuliko wote, mumtoe pembeni, mumweke katikati ya uwanja walau nusu saa kila wiki. Atapoteza mipira, na watazamaji watapiga kelele wakitaka arudishwe winga. Msimrudishe upesi. Kabla mpira haujamfikia, mwulizeni ameona nani yuko huru. Na kila akikimbia, mwulizeni alikuwa na njia gani nyingine. Mpeni msimu mzima, kisha ndipo mseme ana miguu au ana macho.